Maua ya Zambarau Nyuma ya Nyumba ya Shangazi

Likasi, 11 Mei 2025

Kwako Shangazi Marcelline,

Bwana asifiwe, na jambo sana kutoka kwetu sote. Sisi ni wazima, ila mama analalamika mgongo kila asubuhi na kuusahau kila jioni saa ya maombi ikifika. Umeme unakuja na kuondoka, kama unavyoujua. Mimi bado niko kwenye kibanda changu karibu na soko, napiga picha za pasipoti na za wachumba wanaokataa kucheka. Vipi goti lako? Vipi yule mbuzi mwenye kiburi? Msalimie Jeancy, mwambie binamu yake hajapata salamu yake tangu Pasaka.

Leo naandika kwa furaha. Unakumbuka Jumatatu ya Pasaka, ulipoamka ukakuta sipo kitandani, ukapiga kelele mpaka jirani akatoka na panga? Nilikuwa nyuma ya nyumba na mashine yangu ya picha. Ukungu ulikuwa bado umelala bondeni, jua ndiyo kwanza linachungulia, na kilima chote kimejaa yale maua madogo ya zambarau. Nilipiga picha nyingi. Moja imetoka vizuri kuliko zote nilizowahi kupiga.

Nimeiingiza kwenye mashindano. Nilikwambia nimejiunga na kilabu cha picha hapa mjini, Kilabu cha Jicho Wazi. Tunakutana Jumamosi kwenye ukumbi mmoja nyuma ya soko. Safari hii shindano ni la picha za asili na mandhari. Zinabandikwa ukutani bila majina, kila moja na namba yake, wanachama wanapita wakitazama, halafu siku ya hukumu mwenyekiti anasoma namba iliyoshinda. Mwenyekiti wetu ni Papa Théodore, mzee mpole, mstaafu wa migodini. Kazi yake ilikuwa kupima udongo. Picha itakayoshinda itatundikwa Lubumbashi, kwenye maonyesho makubwa.

Shangazi, nimechoka na pasipoti. Nataka mara moja tu watu wasimame mbele ya kitu nilichokiona mimi.

Nakutumia nakala kwa mkono wa mama Élisabeth muuza samaki. Najua itafika ikinuka, lakini itazame vizuri. Nimeiita "Asubuhi Nyuma ya Nyumba".

Mtoto wako,
Stéphanie


Shambani, ng'ambo ya Kapolowe, 20 Mei 2025

Stéphanie, mtoto wa kaka yangu,

Nakusalimu. Goti liko palepale, linanitabiria mvua wakati mvua zimekwisha. Mbuzi tulimla siku ya ubatizo wa mtoto wa jirani, kwa hiyo kiburi chake nacho tulikimeza. Jeancy yuko, anakula, anasalimia. Mama yako mwambie mgongo unapona shambani, si kitandani.

Picha imefika. Kabla sijasema neno nina maswali, na uyajibu yote. Nani ameiona? Jina la mahali umeliandika popote? Hao watu wa kilabu wanafanya kazi gani, na kwa nini watu wazima wakae Jumamosi nzima wakitazama vilima vya wenzao? Na huyo mpole aliyekuwa akipima udongo, alisimama mbele ya picha yako muda gani? Mtu aliyepima udongo maisha yake yote haji kutazama ukungu.

Iondoe ukutani. Mwambie mwenyekiti wako kwamba umebadili nia, mpelekee picha ya mto, au ya kuku. Usiniulize sababu. Mengine hayaandikwi, hasa kwenye barua inayosafiri chini ya samaki. Ungekulia hapa, ningekwambia tazama chini na ungeelewa. Lakini umekulia mjini, unachojua ni rangi.

Angalia pia nilivyofunga bahasha hii. Nimeibandika kwa bukari yetu ya kijivu, ugali wa mihogo. Ukikuta gundi nyingine, jua kuna mkono umepita. Nawe unifungie hivyohivyo.

Shangazi yako, ambaye kwa desturi yetu ni baba yako wa kike, usisahau,
Marcelline


Likasi, 9 Juni 2025

Kwako Shangazi,

Jambo, na pole na baridi. Huku asubuhi tunavaa koti ndani ya nyumba. Mama anakushukuru kwa ushauri wa mgongo, ingawa alisema maneno mengine ambayo siyaandiki.

Barua yako imenikuta juzi jioni. Mama Élisabeth alikwama Kapolowe kwa msiba wa mkwe wake, na barua nayo ikakaa msibani. Bukari haikuwa imepasuka. Ila ilichelewa, Shangazi. Asubuhi ya siku hiyohiyo nilikuwa nimeshinda.

Papa Théodore alisoma namba yangu na ukumbi ukapiga makofi, na katibu wetu Pitshou, ambaye hajawahi kumsifu mtu, alisimama akasema, "Hii foto, mutu anasikia baridi yake." Nilikwenda chooni nikalia. Ndiyo maana sasa siwezi kuiondoa, hata kama ningetaka.

Na kuna jambo lazima nikwambie mapema. Kilabu kina desturi. Zamani mwanachama mmoja alishinda kwa picha ya maporomoko aliyoichukua kwenye mtandao. Maporomoko yenyewe, ikaja kujulikana, yako nchi nyingine kabisa. Tangu hapo mshindi anawapeleka wenzake mpaka mahali alipopigia picha. Wote wanasimama pale aliposimama, wanapiga na wao, wanakula, wanarudi. Mshindi akikataa, picha inahesabiwa ya wizi.

Kila mtu aliniuliza ni wapi. Nilisema, mtaona. Papa Théodore peke yake hakuuliza, na tangu nisome barua yako hilo linanikosesha raha.

Sasa na mimi nina maswali. Alhamisi nilimwona Jeancy hapa Likasi akishuka kwenye gari la Papa Théodore. Mkononi ana simu mpya, yenye macho matatu nyuma. Nilimwita. Alinitazama, akapita njia nyingine. Anafanya nini na mwenyekiti wangu? Na kile kilima kina nini ambacho wewe unakijua na mimi sitakiwi kukijua? Baba yangu amezikwa pale. Kilima hicho ni changu pia.

Stéphanie


Shambani, 14 Juni 2025

Stéphanie,

Salamu zako nimezipokea. Naona umeshinda na kichwa kimevimba. Hongera, hilo ni la kweli, kwa sababu picha ni nzuri na mimi si kipofu. Nimeitazama kila siku tangu ilipofika, ndiyo maana naogopa.

Kwa kuwa unaniuliza kama polisi, nitaandika nilichoapa kutokiandika. Yale maua huitwa maua ya shaba. Hayaoti hivihivi. Yakijaa mahali namna hiyo, na miti haipo, chini kuna shaba. Wazee walioyeyusha shaba kabla ya Mzungu waliyafuata maua hayo, hawakuwa na mashine. Mtu yeyote aliyefanya kazi ya udongo anaisoma picha yako kama wewe unavyosoma barua hii.

Kwa marehemu mume wangu kulikuwa na kilima kama hiki. Alianza kuja mtu mmoja na koleo, mpole, akaomba maji ya kunywa. Mwezi uliofuata walikuwa mia, wakafuata wauza pombe, wakafuata wanunuzi na malori. Makaburi yalikuwa katikati ya njia yao. Mama mkwe wangu tulimhamisha ndani ya mfuko wa saruji, Stéphanie. Mimi ndiye niliyeshika mdomo wa mfuko. Hapa wamelala baba yako na wazazi wetu, na mimi nimeshachagua pangu. Sitashika mfuko mara ya pili.

Hilo la Jeancy liache. Jeancy alibeba mawe kwenye machimbo ya Kakontwe na simu aliipata kwa jasho lake. Mtu hushuka kwenye gari lililompa lifti. Mtoto wangu namjua. Usiniletee maneno ya kunigombanisha na mtoto wangu ili ufunike la kwako. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na anayepeleka picha za nyumba yangu kwa wageni ni wewe.

Wapeleke kwenye kilima kingine. Vilima ni vingi.

Marcelline


Likasi, 19 Juni 2025

Kwako Shangazi,

Jambo. Mama hajambo. Sisi wengine tuko.

Nimesoma barua yako mara nyingi na nimelia kwa habari ya ule mfuko. Sikujua. Kweli nilichokiona ni rangi. Lakini kilima kingine haiwezekani. Kwenye picha, upande wa kushoto, inaonekana pembe ya bati la nyumba yako na mti wako wa parachichi, na hawa ni watu wanaotazama picha mpaka ndani ya jicho la ndege. Nikiwapeleka kwingine watajua kabla hawajashuka. Nikikataa, mimi ni mwizi, na kesho nani ataleta mtoto wake kupigwa picha kwa mwizi?

Safari imepangwa sikukuu ya Uhuru, tarehe 30. Nitawasimamisha karibu na nyumba. Hawatakaa. Si wachimbaji, ni walimu, wauza duka, mmoja ni fundi wa meno. Papa Théodore nitamkaba mwenyewe.

Lakini nitasema linaloniuma. Umeniandikia ukurasa mzima kuhusu shaba, na kuhusu Jeancy mistari michache ya hasira. Labda mnajua mnachongoja, wewe na yeye. Labda mnaogopa tu kwamba mtu mwingine atafika kabla yenu. Nisamehe kama nakosea. Niambie kwamba nakosea.

Stéphanie


Shambani, 24 Juni 2025

Stéphanie,

Nakusalimu na mama yako.

Mtoto akililia wembe, mpe. Waje. Waambie nitapika bukari na samaki wa Lufira, na maji ya kunawa yatakuwepo.

Jeancy ana homa kidogo, atakuwa amepona.

Marcelline


Likasi, 6 Julai 2025

Shangazi,

Jambo. Mama anakusalimu, hajui kitu, anafikiri nina mafua.

Nataka nikusimulie siku ile kana kwamba hukuwepo, kwa sababu mwanamke niliyemkuta pale simjui.

Tulifika na basi dogo lenye bendera dirishani. Wewe umesimama uani na kitenge cha kwenda kanisani. Ukawapa watu mkono mmoja mmoja, ukawaita papa na maman, ukacheka. Mimi nilikuwa nimewatangulia kuzunguka nyumba, na nilipofika nyuma nikasimama ghafla. Kilima kilikuwa kitupu. Hapakuwa na ua, hapakuwa na hata shina kavu. Umelima matuta kuanzia chini mpaka kwenye makaburi, kana kwamba kuna mtu anayepanda mihogo mwezi wa sita.

Pitshou aliinua picha yangu mbele ya macho yake, akaishusha, akaiinua tena. Akasema, "Bati njo hii. Muti njo hii. Na maua?"

Ndipo ulipokuja nyuma yetu na kitambaa cha kufutia mikono. "Maua gani, papa? Hapa iko makaburi na mihogo tu. Miye niko hapa tangu zamani, sijaonaka maua."

Ulinitazama usoni ulipokuwa ukisema hivyo. Hukupepesa jicho. Wote wakageuka kunitazama mimi.

Wakati wengine wakinong'ona, Papa Théodore aliinama kufunga kamba ya kiatu. Alipoinuka mkono wake ulikuwa na udongo, akausugua kwa kidole, akautia mfukoni taratibu. Nilidhani ni mimi tu niliyeona. Nawe ukamwambia, kwa sauti ileile ya kumkaribisha mgeni, "Papa, utoshe ile udongo mu mufuko. Ni ya bafu, ya makaburi. Udongo ya bafu habaibebe." Nilimwona mzee akibadilika rangi. Akageuza mfuko nje, akaumwaga wote, akajipangusa mikono kwenye suruali. Kwa hilo nakuheshimu mpaka leo. Na Jeancy wako, aliyekuwa mgonjwa, ndiye aliyemshikia mzee miguu mitatu ya mashine ya picha siku nzima, na walizungumza chini kwa chini mpaka tulipoondoka.

Kisha nilikwenda kwenye kaburi la baba, ili nisilie mbele yao. Nyuma ya msalaba, upande wa bonde, ulikuwa umesahau shina moja. Lilikuwa na maua yake yote. Pitshou alikuwa ananifuata. Akaniuliza, si kwa ubaya, "Stéphanie, useme kweli. Ulifanya nini?" Ningeweza kumwonyesha. Kidole kimoja tu, Shangazi. Niliweka mfuko wa mashine yangu juu ya lile shina nikasema, "Nilicheza na kompyuta. Maua niliyaongeza mwenyewe."

Jana waliiondoa picha yangu ukutani. Haitakwenda Lubumbashi. Mwaka mzima siruhusiwi kushindana. Habari imeshafika sokoni: kijana mmoja ameniuliza kama kwenye pasipoti yake naweza kumwongezea nywele. Nilicheka naye, nikafunga kibanda mapema.

Nilidhani ningekuwa na hasira tu. Ninayo, lakini zaidi nina huzuni. Ungeniambia. Barua moja tu, "nitayang'oa", ningekuja tukayang'oa wote wawili.

Stéphanie


Shambani, 20 Julai 2025

Stéphanie, mwanangu,

Nakusalimu, na namsalimu mama yako. Goti linauma kuliko zamani, na sababu unaijua. Nililala chini siku nyingi baada ya kazi ile.

Sitaomba msamaha, kwa sababu ningefanya tena. Lakini nitakueleza, na hii ndiyo barua ya mwisho nitakayoandika juu ya jambo hili.

Nisingeweza kukwambia. Uso wako hauna mlango, ni kama wa baba yako. Ungekuja pale ukijua, wangejua wote. Ilibidi ushtuke kweli ili waamini. Nilikutumia, nami najua nilikutumia.

Nilianza alfajiri, siku iliyofuata barua yangu fupi. Nilikuwa peke yangu. Jeancy alikuwa ndani amelala na homa, hakuona kitu, na hata yeye sikumwambia, kwa sababu kijana hajui kunyamaza. Niling'oa mpaka vidole vikatoka damu, nikayarundika, na jua lilipopanda nikayachoma yote. Yalikuwa mazuri, Stéphanie. Nisingekuwa na picha yako nisingejua kwamba ni mazuri. Miaka yote nilikuwa nayaangalia kama mtu anayeangalia nyoka.

Sasa sikiliza. Lile shina nyuma ya msalaba wa baba yako sikulisahau. Mimi sisahau shina. Nililiacha kwa ajili yako. Nilisema moyoni, nikimkana mtoto huyu mbele za watu, na apate mahali pa kusimama. Akitaka kujitetea, ushahidi uko pale penye baba yake, na sitamlaumu, nitaanza kutafuta mifuko. Nilikuwa jikoni nikikutazama dirishani ulipoweka ule mfuko wako chini. Bukari iliungua na sikusikia harufu.

Nilikudhania vibaya. Nilidhani kilabu kimekushika kuliko sisi. Nawe ulinidhania vibaya, kwa hiyo tuko sawa.

Lile shina nimeling'oa jana. Picha yako nimeitundika sebuleni, kwenye fremu ya baba yako. Wageni wakiuliza ni wapi, nawaambia ni mambo ya kompyuta. Tunaojua ni mimi na wewe tu, basi. Mwakani yataota tena, mbegu hazina adabu. Njoo mapema, tuyatazame asubuhi moja, wawili, halafu tuyang'oe.

Baba yako wa kike,
Marcelline


Likasi, 10 Agosti 2025

Shangazi yangu,

Barua hii haina bukari wala gundi, kwa sababu sikumpa mama Élisabeth. Ninaibeba mwenyewe. Ukiisoma nitakuwa nimekaa mbele yako kwenye kigoda chako, na nimeiandika kwa sababu najua nikifika nitakosa mdomo wa kusema.

Barua yako ya mwisho niliisoma nikafurahi kama sijawahi kufurahi mwaka huu. Nililala nayo chini ya mto. Ningependa ibaki kuwa ya mwisho.

Jana nilikwenda kilabuni. Siruhusiwi kushindana lakini kutazama naruhusiwa. Ilikuwa siku ya kubandika picha za shindano jipya, la wanachama wapya. Watu walikuwa wamejaa mbele ya moja, namba tisa. Walipogeuka wakaniona, wakanipisha.

Ni wewe, Shangazi. Umeinama kilimani, mgongo kwa mpigaji, kitambaa cha kichwa kimeteleza. Mkono wa kulia umeshika fungu la maua na mizizi yake, na udongo unadondoka kwenye mizizi. Kando yako rundo la zambarau limefika magotini. Ukungu upo, jua ndiyo kwanza linachungulia. Ni picha nzuri kuliko yangu. Nasema hivi kama mtu wa kazi hii.

Pitshou alinishika bega. Akasema, "Kumbe haukudanganya. Tusamehe, ndugu." Wengine wakaja kunipa mikono. Wanasema picha yangu itarudi ukutani, itakwenda Lubumbashi. Nimepewa jina langu tena, na sikuwahi kupewa kitu kibaya kama hicho. Papa Théodore alikuwa amesimama karibu kuliko wote, miwani ameisukuma juu ya paji. Hakuwa anakutazama wewe. Alikuwa anatazama mizizi.

Hukumu ni Jumamosi ijayo. Namba tisa itashinda, hilo halina shaka. Na desturi unaijua: mshindi anawapeleka wenzake mpaka mahali alipopigia.

Picha hazina majina mpaka hukumu, lakini sihitaji jina. Kazi yangu ni kujua mpigaji alisimama wapi. Pembeni mwa picha, upande wa kulia, kuna ukingo wa kijani usioonekana vizuri kwa sababu ulikuwa karibu sana na jicho la mashine. Ni rangi ile aliyoipaka baba mwenyewe, na juu yake kuna lile komeo ulilofunga kwa waya. Chini kuna mdomo wa kinu chako. Huyu mtu hakuwa kichakani. Alikuwa amesimama ndani ya nyumba.

Sijui kama ameuza siri ya kilima au kama alitaka tu kushinda, kama mimi. Nimefikiri usiku kucha na sijui lipi litakuuma zaidi. Kwa kweli mimi siwezi kumhukumu kwa hilo la pili.

Watu walipotoka kwenda kunywa chai niliibandua namba tisa ukutani nikaificha ndani ya blauzi. Waliniita mwizi na sikuwa; sasa ni mwizi. Najua haisaidii, ipo pia ndani ya simu yenye macho matatu. Lakini sikuweza kukuacha pale umeinama mbele ya wale watu wote.

Imo ndani ya bahasha hii, nyuma ya ukurasa huu. Kama Jeancy yuko hapo sebuleni, usimwite kwanza na usipige kelele. Itazame picha. Halafu inua macho utazame mlango wako wa nyuma.

Stéphanie